UZI: Kumiliki Mercedes-Benz Nairobi – ukaguzi kabla ya kulipa, magonjwa ya kila modeli na matunzo

#1 NyotaTatu (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu. Swali la "nimeona C200 inauzwa bei ya Toyota Premio, nichukue?" linarudi kila mara, basi tuweke majibu mahali pamoja. Naanza na ukaguzi, hasa wa W204 (C-Class ya 2007 hadi 2014), kwa sababu ndizo zimejaa kwenye yadi za Ngong Road. Wenye ujuzi wa geaboksi, umeme na magari ya zamani waongeze chini.

Bei ikishuka hivyo, mara nyingi kuna kazi kubwa inayomsubiri mnunuzi. Kazi yako ni kuijua kabla hujatoa pesa.

Namba ya usajili isikuzuzue. KCA au KDA inaonyesha gari liliandikishwa Kenya lini, haionyeshi lilitengenezwa lini. Soma namba ya chesi. Mfano WDD2040482 na kuendelea: WDD ndiyo Mercedes, 204 ni bodi, 048 ni C200 CGI, na ile 2 inayofuata ni usukani wa kulia. Iingize kwenye katalogi ya spea utaona injini, geaboksi na vifaa vyote gari lilivyotoka navyo kiwandani. Muuzaji akikataa kukupa namba ya chesi, ondoka.

Mwambie asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya M271 (silinda 4, cc 1796) husema ukweli katika sekunde chache za kwanza ikiwa baridi. Ukisikia kelele kama mnyororo unaotikiswa ndani ya bati, kisha inapotea, hiyo ni taimingi cheni (mnyororo unaozungusha kamshafti, yaani shafti za kufungua vali) au gia za kamshafti zilizolika meno. Ikishapata moto hutasikia kitu.

Sasa tazama mbele ya kichwa cha injini. Kuna sumaku mbili za kurekebisha kamshafti, kila moja na plagi yake ya umeme. Chomoa plagi, angalia ndani. Ukikuta oili, ujue sumaku inavuja na oili inapanda ndani ya waya. Ikiachwa hufika kwenye sensa za oksijeni na mwishowe kwenye kompyuta ya injini. Sumaku mbili pamoja na vipande vifupi vya waya vya kuzuia oili ni kazi ya nusu saa. Kompyuta ya injini ni habari nyingine kabisa.

Piga skani ya gari zima, si ya injini peke yake. Kodi (namba za hitilafu) nyingi huhifadhiwa na kilomita za siku zilipotokea. Dashibodi ikisema 78,000 na kodi ya zamani ya geaboksi ikasema 141,000, mita imerudishwa nyuma.

Halafu endesha. Panda Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea Kikuyu, gari likiwa baridi na tena likiwa moto. Gia zisipige. Kwenye mwendo wa 80 kanyaga breki taratibu. Usukani ukitetemeka, shuku diski au bushi za mikono ya mbele. Pita juu ya tuta dogo redio ikiwa imezimwa, usikilize.

#2 Kompressor_Kasarani

Shukrani mkubwa. Kati ya C180/C200 Kompressor na CGI, ipi ina nafuu kwa hapa kwetu?

#3 FundiCheni

Ndugu Kasarani, zote ni familia moja ya M271. Kompressor ina kompresa inayozungushwa na mkanda na petroli inapulizwa kwenye manifoldi. CGI ina tabo na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. CGI ina nguvu chini chini na inakula mafuta kidogo, lakini injekta na pampu ya presha ni ghali, na vali za kuingiza hewa hujaa masizi kwa sababu petroli haizioshi. Kwa anayetaka utulivu, Kompressor yenye geaboksi ya gia 5 ndiyo ningemshauri.

Usiogope mwinuko wa Nairobi kwa injini hizi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo wala kompresa hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Zenye kusukumiwa hewa hupoteza kidogo.

Kuhusu cheni. Kabla hujaambiwa "badilisha injini", pima. Fungua kifuniko cha vali, zungusha injini kwa mkono kwa kutumia boliti ya pule (gurudumu la mkanda mbele ya injini), upande wake wa kawaida tu, usiirudishe nyuma hata kidogo. Fikisha alama ya pule mahali pake, kisha tazama alama za gia mbili za kamshafti. Zikiwa zimepishana, cheni imevutika. Meno ya gia yakiwa yamechongoka, cheni mpya peke yake ni pesa ya bure, maana meno mabovu yataila upya.

Vinavyonunuliwa pamoja: cheni, tensiona (kikaza cheni), gia zote mbili za kamshafti na gasketi ya kifuniko. Si lazima kushusha injini. Cheni ya zamani inakatwa, mpya inaunganishwa kwenye ncha yake, halafu inavutwa ndani watu wawili wakishirikiana: mmoja anazungusha pule polepole, mwingine anashikilia cheni isilegee kwenye gia. Ikilegea na kuruka meno, vali zinagonga pistoni. Pini ya kufungia kiungo ibanwe kwa kifaa chake. Ukiona mtu anaipondaponda kwa nyundo, simamisha kazi. Tensiona ya zamani hairudishwi, kwa sababu meno yake ya ndani yamekwisha kusogea na itaikaza cheni mpya kupita kiasi.

Jambo jingine la Kompressor ambalo hufanya watu wabadilishe sensa bila sababu: mpira wa kupumulia chini ya manifoldi hupasuka. Injini inapanda na kushuka ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, unasikia kama filimbi, na skani inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Mpira wenyewe ni bei ndogo, ila mkono haufiki kirahisi.

#4 Mwalimu_wa_Oili

Niongeze hapo. Cheni nyingi za M271 zimeuliwa na oili. Injini hii inabeba takriban lita 5.5 pamoja na filta. Kwenye mtungi tafuta maandishi "MB 229.5", yaani kibali cha Mercedes, siyo picha ya Mercedes wala neno "sintetiki". 5W-40 yenye kibali hicho inatosha kabisa Nairobi.

Muda: achana na kilomita 15,000 za kitabuni. Hesabu saa. Kwenye msongamano wa Mombasa Road na Jogoo Road ukienda wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 10,000 ni saa 500 za injini kufanya kazi. Aliye barabara kuu kwa wastani wa 60 ametumia saa 167 kwa kilomita hizo hizo. Wa mjini amwage oili kila 7,000 hadi 8,000, au mwaka ukitimia.

#5 GiaSaba

Sasa geaboksi, maana hapa ndipo watu hulia. Zipo mbili za kuzijua: 722.6 ya gia 5 (W202 na W203 za C-Class, W210 ya E-Class, baadhi ya W211 ya E-Class na W204 za silinda 4) na 722.9 ya gia 7.

722.6 ni ngumu kufa. Ugonjwa wake mkubwa ni plagi ya waya pembeni mwa geaboksi. Ndani yake kuna mipira miwili inayokauka, oili inavuja, inapanda kwenye waya hadi kwenye kompyuta ya geaboksi. Gari linang'ang'ania gia ya 2 na halibadilishi tena mpaka ulizime. Kabla ya mtu kukuuzia geaboksi "kutoka Dubai", chomoa ile plagi uitazame. Namba ya spea ni A203 540 02 53. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na unachoambiwa.

Oili yake ni yenye kibali cha MB 236.14. Ukishusha sufuria ya oili ya chini peke yake zinatoka kama lita 4. Konveta (kiungo cha oili kati ya injini na geaboksi) ikiwa na plagi ya kumwagia, zinatoka karibu 8. Haina dipstiki ya mwenye gari. Kuna bomba lenye kifuniko chenye pini, na fundi anapima kwa kijiti maalumu oili ikiwa nyuzi 80. Anayekisia kwa waya wa hanga ataijaza kupita kiasi, oili itoe povu, gia zianze kuteleza.

722.9 haina bomba hata la kupimia. Inajazwa kutoka chini kwa pampu na adapta, kisha injini ikiwa inawaka, gia iko P, na oili imefika nyuzi 45 kwa kusoma kwenye skana, unafungua plagi ya chini: ikidondoka kwa matone kiasi kimefika. Ikimwagika kama bomba, iache ipungue. Isipotoka, ongeza. Asiye na skana ya kusoma joto la oili asiiguse 722.9. Pia kuna rangi mbili: za awali hutumia nyekundu ya 236.14, za 7G-Tronic Plus hutumia ya buluu ya 236.15. Usichanganye.

Ugonjwa wa 722.9 ni sensa za mwendo zilizo juu ya bamba la umeme ndani ya geaboksi. Kodi ni P0717, P0722 na ndugu zao. Bamba limeunganishwa na kompyuta yenyewe na limefungwa na mfumo wa kuzuia wizi, kwa hiyo huwezi kuokota la gari jingine ukalichomeka. Ama programu ya kompyuta yako ihamishiwe kwenye bamba jipya, ama bamba lako lifanyiwe ukarabati wa sensa.

#6 Kompressor_Kasarani

Kaka GiaSaba, fundi mmoja wa Grogan anasema geaboksi ambayo haijawahi kumwagwa oili isimwagwe, itaanza kuteleza. Kweli?

#7 GiaSaba

Imani hiyo imetokana na magari yanayoletwa yakiwa yamekwisha kuteleza. Oili nyeusi yenye unga wa klachi ilikuwa inasaidia klachi zilizochakaa kushika, ukiweka safi zinaachia. Geaboksi ilikuwa imekufa tayari. Kama inabadilisha vizuri, mwaga, weka filta na gasketi mpya, kila kilomita 60,000. Ila mwambie fundi asiioshe kwa mashine ya presha. Kushusha sufuria, kufuta sumaku zilizo ndani yake na kurudisha kiasi sahihi kunatosha. Ukikuta vipande vya chuma kwenye sumaku badala ya unga laini, hapo ndipo pa kufikiria geaboksi nyingine.

#8 Babu_W123

Vijana mnaanzia 2007, ngojeni niwarudishe.

Karl Benz aliwasilisha ombi la hataza yake tarehe 29 Januari 1886, gari la magurudumu matatu, mjini Mannheim. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua na wanawe wawili hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Njiani alinunua mafuta kwenye duka la dawa la Wiesloch, akazibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, na breki zilipoisha akamwambia fundi viatu azipigilie ngozi. Safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilikuwa na matengenezo ya breki ndani yake. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa Cannstatt wakitengeneza injini zao. Jina Mercedes ni la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeagiza magari ya Daimler. Nyota ya ncha tatu, yaani nchi kavu, maji na anga, ilisajiliwa 1909, na kampuni mbili zikaungana mwaka 1926.

Hapa kwetu jina lilijengwa na vumbi. East African Safari ya 1959 na 1960 zilichukuliwa na Bill Fritschy kwa Mercedes 219, na ya 1961 na John Manussis kwa 220SE. Mwaka 1979 Hannu Mikkola akamaliza wa pili kwa 450 SLC, kitu kizito chenye V8 na geaboksi ya otomatiki, kikipita matope na mashimo ambayo magari mepesi yalikwama. Neno "Wabenzi" likawa la wenye vyeo, lakini heshima ya gari lenyewe ilitoka barabarani.

W123 (1976 hadi 1985) bado zipo Nairobi zinafanya kazi. 240D na 300D hazina kompyuta. Injini huzimwa kwa vakyumu, hivyo ukizungusha ufunguo na injini ikaendelea kuunguruma, usihangaike na swichi. Tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, mara nyingi ule wa kufunga milango, kwa kuwa mifumo hiyo imeungana. Rekebisha nafasi za vali kwa filagaji (vibamba vya kupimia nafasi) kila kilomita 15,000 hivi. Ikipuuzwa gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi za Julai na watu wanalaumu plagi za joto.

W124, iliyoifuata W123, ni gari bora kupita yote waliyowahi kutengeneza, nasema bila kusita. Lakini za 1992 hadi 1995 zina waya za injini ambazo ngozi yake inabomoka kama biskuti iliyolowa. Vua kifuniko cha plastiki, kunja waya mmoja wa injekta kwa kidole. Ukipasuka na shaba ikaonekana, unahitaji seti nzima mpya ya waya za injini. Usifunge tepu. Waya mbili zikigusana zinaweza kuunguza kompyuta.

W210 ikaguliwe kutu kwenye vikombe vya springi za mbele, hasa gari lililoishi pwani au lililotoka sehemu za theluji Japani ambako barabara humwagiwa chumvi. Kikombe kikichomoka, gari linaanguka juu ya tairi. Hilo ni jambo la uhai.

#9 DadaSpana

Mzee Babu, shikamoo. Umenena vema juu ya waya. Mimi niwaonye juu ya kitu kimoja cha W204 na W212 (E-Class) ambacho huacha watu wamekwama kwenye maegesho: kufuli ya umeme ya usukani.

Dalili: ufunguo unaingia, haufanyi chochote, dashibodi ni giza, na husikii ile sauti fupi ya "zrr" karibu na usukani. Watu hukimbilia betri ya ufunguo. Betri ya ufunguo ni ya kufungua milango tu. Kwenye kuwasha, swichi yenyewe inaupa ufunguo nguvu. Kwa hiyo kama milango inafunguka na dashibodi haiwaki, shuku mota ndogo ndani ya kufuli hiyo.

Ikianza kusitasita, yaani unachomeka mara tatu ndipo ikubali, nenda ukaitengeneze siku hiyo, usukani ukiwa wazi. Hapo inatoka kwa boliti, mota inabadilishwa au kinawekwa kifaa cha kuiga kazi yake. Ikifa usukani ukiwa umefungwa, boliti hazifikiki na kufuli lazima ikatwe mahali ilipo.

Lakini pima betri kubwa kwanza. Ikipumzika usiku mzima iwe karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12.2 gari litatoa kodi za uongo za kila mfumo. Injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5.

#10 NyotaTatu

Dada umegusa penyewe. Na W211 je? Naona bei zake zimeshuka sana.

#11 DadaSpana

W211 za kuanzia 2002 hadi katikati ya 2006 zina breki za umeme ziitwazo SBC. Pampu hujenga presha yenyewe hata ukifungua mlango tu. Fundi akitoa pedi bila kuuzima mfumo kwa skana, kalipa inaweza kufunga na kumkata vidole. Mwenye gari, uliza swali hilo kabla ya kuruhusu mtu afungue gurudumu. Pampu pia huhesabu mikanyago, na ikifika kikomo inawasha onyo jekundu. Za baada ya hapo zilirudi kwenye breki za kawaida, na hizo ndizo za kutafuta.

V6 ya M272 kwenye E350, C230 na ML350: gia ya balansi shafti (shafti ya kupunguza mtetemo) ya injini za awali ilikuwa laini, inalika, na kuibadilisha lazima injini ishuke. Kodi za skana ya Mercedes ni 1200 na 1208. Soma namba ya injini: tarakimu sita za mwisho, baada ya 30, zikiwa juu ya 468993, umepona.

Zenye Airmatic (springi za hewa), liache gari usiku mahali tambarare, asubuhi tazama kona ipi imelala. Paka maji ya sabuni kwenye mpira na viungio. Kompresa ya hewa ikiungua, mara nyingi imeuliwa na uvujaji uliopuuzwa, kwa hiyo ziba uvujaji kwanza, weka kompresa na rilei yake pamoja. Kuna wanaong'oa Airmatic na kuweka springi za chuma. Inawezekana, ila taa ya onyo itabaki kama kompyuta haikupangwa upya, na gari linapoteza kile ulichokilipia.

#12 SpeaKirinyaga

Upande wa spea. Msinunue kwa kusema "ya C-Class". Leteni namba ya chesi. W204 ya 2008 na ya 2012 zinatofautiana hata vitu vidogo.

Namba halisi huanza na A, kisha tarakimu tatu za modeli au injini ambayo kipande kilibuniwa kwa ajili yake. A271 ni injini ya M271, A204 ni bodi ya W204. Si lazima sanduku lenye nyota. Lemförder kwa mikono na boljointi, Sachs na Bilstein kwa shoki, Mann, Mahle na Hengst kwa filta, ATE na Textar kwa breki: ni majina yanayoaminika. Boksi lenye nyota kwa robo ya bei ni la kukimbia. Tazama kipande chenyewe: bushi ya bandia hunuka petroli, raba yake inang'aa, na alama imebandikwa badala ya kuchorwa ndani ya chuma.

Kwa mashimo yetu mikono ya mbele na linki za stabilaiza ndizo hufa kwanza. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa kwenye uzito wake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia, raba inakaa imepotoka na kupasuka baada ya miezi michache. Hili ndilo kosa la gereji nyingi, kisha spea inalaumiwa.

Rimu: boliti za W204 zina kichwa cha 17 na kikalio cha mviringo, hukazwa kwa Nm 130. Rimu za gari jingine zenye kikalio cha koni zitalegea.

#13 Mtaka_W205

Wakuu, nami nataka kuagiza C180 ya W205 (C-Class iliyofuata W204) kutoka Japani. Niangalie nini?

#14 NyotaTatu

Ndugu, kikomo cha KEBS (Shirika la Viwango Kenya) kwa magari yanayoagizwa ni miaka 8 tangu usajili wa kwanza, hesabu mpaka siku ya kuingia Mombasa, siyo ya kununua mnadani. Gari likichelewa melini ni hasara yako.

Nyingi zina tairi za kukimbia bila upepo na hazina tairi ya akiba. Kwenye mashimo ni ngumu na hupasuka ubavuni. Ukiweka za kawaida, beba kompresa ndogo na kiziba pancha.

Redio ya Japani ina masafa ya chini kuliko yetu, kwa hiyo utakosa stesheni nyingi, na skrini itabaki Kijapani bila kazi ya programu. Karatasi ya mnada isome na mtu anayejua Kijapani, si tafsiri ya dalali.

Sikiliza pia kelele ya sekunde moja asubuhi kwenye injini ya M274, ni gia za kamshafti.

#15 Mtaka_W205

Asante sana kaka. Na maji ya radieta? Yadi wanajaza ya bomba.

#16 FundiCheni

Yamwagwe yote. Weka kipozeshi chenye kibali cha MB 325.0 nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled). Maji ya bomba na ya kisima huacha magadi kwenye radieta na kula pampu. Nairobi maji matupu huchemka karibu nyuzi 94, hivyo kifuniko cha presha kilicholegea hufanya gari lichemke mapema kuliko Mombasa. Ukijaza, washa hita ikiwa kwenye joto kali, acha injini iwake hadi mpira wa juu wa radieta uwe moto, ndipo uongeze hadi alama. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama tena kiwango.